Santuri ya Baba Mkwe

Siku santuri ile ilipoingia nyumbani kwetu Soweto, Mbeya, nilidhani gramafoni imeharibika. Nilikuwa jikoni uani naosha mchele. Nikasikia sebuleni mkwaruzo mkubwa kama wa trekta linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi, kisha ngoma zikaingia kwa fujo, kisha mwanamume mtu mzima akaanza kulalamika kwa lugha nisiyoijua. Nikaacha mchele kwenye maji, nikakimbilia mlango wa nyuma kuokoa chombo chetu, na pale mlangoni nikakumbuka kwamba siruhusiwi kuingia. Baba mkwe alikuwa ndani.

Hapa sina budi kueleza, maana wapo wasomaji ambao wakwe zao wanawasalimia tu na maisha yanaendelea. Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, nimekulia kwenye kwaya ya Kilutheri. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, na miaka hiyo ya sabini alikuwa fundi mchundo wa barabara pale Mbeya, mimi nikifundisha shule ya msingi. Kwa ukoo wao, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, na nakuapia heshima ile ilikuwa na kazi nyingi kuliko ugomvi. Mzee akija, mkamwana anahama sebule. Wakikutana njiani, mkamwana anaacha njia, anajifunika kanga kichwani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Hamsemeshi, hali naye, hatamki hata jina lake. Likitokea neno la lazima linapitia kwa mtu wa tatu, na mtu wetu wa tatu alikuwa mama mkwe.

Mara moja nilimwona mzee sokoni ghafla, sijui hata alitokea wapi. Nikajitupa nyuma ya mikungu ya ndizi, nikachuchumaa. Mwenye ndizi akanikamata kanga akipiga kelele za mwizi, na mimi siwezi kujitetea kwa sauti kwa sababu baba mkwe amesimama palepale anachagua tumbaku. Niliwahi kumchapa mwanafunzi kwa kosa dogo kuliko lile, lakini siku ile ilibidi nivumilie matusi yote mpaka mzee alipolipa akaondoka.

Hata hivyo ukoo ule uliacha upenyo. Mzee mwenyewe, akiridhika, humfungulia mkamwana. Humletea kuku kwa mkono wake, humsemesha neno lolote lile mbele ya watu, na tangu siku hiyo wanasalimiana na kuongea kama binadamu wengine. Mke wa shemeji yangu mkubwa alifunguliwa alipojifungua mtoto wa kwanza. Mimi nilikuwa na wa pili mgongoni na bado nachuchumaa nyuma ya ndizi.

Iliniuma, sitaki kuficha. Nilijiambia ni kwa ajili ya Uhehe wangu. Mama mkwe alikuwa na utani wake kwamba kila nikienda kuwatembelea Rungwe anamfungia mbwa wake ndani, kwa kuwa sisi Wahehe tunasemwa kwamba tunakula mbwa. Nilicheka pamoja na wenzangu, na nilikuwa na utani wangu wa kumrudishia. Ila nikibaki peke yangu nilikuwa najiuliza kama mzee naye anatania au ameamini. Nilitaka anifungulie. Nilitaka siku moja tu aniambie neno, hata liwe la kuniuliza chumvi iko wapi, nijue kwamba nimepokewa.

Badala ya kuku akaleta santuri.

Habari yake ilikuwa hivi. Baba mkwe ujana wake aliutumia Zambia, kwenye migodi ya shaba, kabla nchi ile haijapata uhuru. Huko wachimbaji walikuwa na ukumbi wao, na Jumamosi ilikuja bendi ya vijana waliovaa tai, wakipiga muziki wa kucheza kwa adabu, mwanamume na mwanamke wameachiana nafasi katikati. Mzee aliwapenda sana. Akarudi Rungwe kulima kahawa, miaka ikapita. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria, rafiki yake wa mgodini akapanda treni kuja kumsalimia, na zawadi aliyombebea ilikuwa santuri ya bendi ileile. Wale vijana wa tai sasa walikuwa wazee, au angalau walikuwa na umri wa kuwa wazee. Wakati vijana wanaochipukia walikuwa wakiwacheka kuwa wamepitwa, wao wakaenda kununua magitaa ya umeme na mashine za kuyafanya yakwaruze, wakafungulia sauti mpaka mwisho.

Mzee hakuwa na gramafoni. Sisi tulikuwa nayo, tena si ya mchezo: sanduku kubwa la mbao lenye miguu, na kifuniko juu kama meza, tulilolipata kwa mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikula nusu ya sebule. Basi santuri ikawekwa kwetu, na baba mkwe akaanza kupata sababu za kuja mjini. Leo anatafuta jembe, kesho anamwangalia mjukuu, keshokutwa ana jino. Jembe hakununua, na jino halikung'olewa kamwe.

Nitaizungumzia santuri yenyewe sasa, maana imenikalia rohoni kuliko nyimbo zote nilizofundishwa kwaya. Jalada lilikuwa na picha ya wanamuziki wamesimama mbele ya lundo la mawe meusi ya mgodi. Wamevaa bugaluu pana za kufagilia barabara na viatu vya raizoni virefu, na mmoja wao, mpiga besi, ana mvi kidevuni kama baba yangu mdogo. Nilipoiona mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba ya wake zao. Wiki chache baadaye nilikuwa naitazama na kutabasamu. Wamesimama kama watu waliokwisha kusemwa vyote vya kusemwa na hawana tena cha kuogopa.

Wimbo wa kwanza ndio ule wa trekta. Gitaa la solo linaanza peke yake, linakwaruza, linarudia, halina haraka, na ukisema sasa basi, dramu zinadondoka kama mtu amemwaga gunia la viazi kwenye bati. Mwimbaji hana sauti nzuri. Kwenye kwaya yetu asingepita, mwalimu angemwambia akashike vitabu. Sauti yake ni ya mtu aliyevuta sana vumbi, na mahali fulani kabla ya ubeti wa mwisho anakohoa kabisa, na wakakiacha kikohozi humohumo. Nilikuwa nakingoja kikohozi kile. Nakijua mpaka leo, na ndipo nilipojifunza kwamba muziki unaweza kuwa mzuri bila kuoga na kuchana nywele.

Upande wa pili ulikuwa na wimbo mrefu kuliko zote, usio na maneno mengi, ambao mpiga besi anaushika peke yake kwa muda mrefu, polepole, chini kabisa. Wenzake wanamwachia. Wengine walisema unachosha. Mimi niliusikia nikiwa nasonga ugali, na mwiko wangu ukaanza kwenda naye bila kuniomba ruhusa. Watu wazima wale walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, na unasikia kabisa kwamba hawashindani. Kijana angetaka aonekane. Wao kila mmoja anajua mwenzake atapumua wapi.

Redio yetu haikupiga muziki wa namna hiyo. Ilikuwa na dansi, taarabu, taarifa ya habari na ngonjera za wanafunzi. Majirani walipoisikia santuri ile walidhani tumeanzisha mashine ya kusaga. Mama mkwe ndiye aliyeichukia zaidi. "We mkamwana," aliniambia, "hiyo kitu ya huyu mzee itakuja kuvunja vikombe vyako vyote, shauri yako." Mimi kwa ubishi wangu, kadiri wengine walivyoilaani ndivyo nilivyozidi kuitetea. Jirani mmoja alipolalamika nilimwambia akichoka ahamie Tunduma.

Sasa kuna wimbo wa pili wa upande wa kwanza. Una kiitikio ambacho bendi nzima inapaza sauti kwa pamoja: "Mukwai! Mukwai!" Mimi masikio yangu ya Kiswahili yalisikia "mkwe". Kwa hiyo nikajua nimeuelewa wimbo mzima: watu wazima wanamlilia mkwe wao. Nikamwambia mume wangu, "Hawa jamaa nao wameoa kwenu. Wanaomba kufunguliwa." Akacheka mpaka akakaa chini. Akawasimulia wenzake kazini, wenzake wakawasimulia wake zao, na haikuchukua muda mtaa wote ukawa unauita wimbo wa mkwe. Wanawake wa Soweto wakiniona nimejibanza nyuma ya ua wa mapera kwa kuwa mzee anapita, walikuwa wananiimbia: mkwe, mkwe!

Mama mkwe akampelekea mzee habari hiyo. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akimweleza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto hata kama mtu mwenyewe amekaa kwenye benchi hilohilo. Nilidhani ndivyo Wanyakyusa walivyoumbwa. Kwetu Uheheni mtu akipaza sauti namna ile ujue fimbo tayari iko mkononi. Mara nikasikia mzee anacheka, kicheko kirefu cha kifuani ambacho sikuwahi kukisikia. Mama mkwe akaja jikoni anafuta machozi. "Anasema siyo mkwe. Kule kwa Wabemba ni neno la adabu, unamwita mtu bwana, au mama. Ila anasema ya kwako ndiyo nzuri, yeye ataimba hivyohivyo."

Mpenzi msomaji, siku hiyo nilipika kuku wawili. Nilikuwa nimemchekesha baba mkwe kupitia ukuta. Nikasema sasa ndiyo hii, safari ijayo ananifungulia.

Hakunifungulia. Alikuja, akasikiliza santuri yake, akaondoka. Akaja tena. Mtoto wa pili akaanza kutembea. Nikitoa salamu zangu kupitia kwa mama mkwe, "mwambie baba ndaga kwa ndizi," ndiyo asante ya Kinyakyusa, mara nyingine jibu lilirudi, mara nyingine halikurudi kabisa. Mume wangu nilipomuuliza alisema baba yake hakuwahi kuwa msemaji. Nikanuna. Mimi nikinuna vyombo hujua, na mwaka ule tulivunja sahani nyingi, wala si kwa sababu ya gitaa.

Halafu ikaja siku ya sindano. Mume wangu alikuwa kazini, mama mkwe amekwenda kusaga mahindi, watoto wamelala mchana. Mzee yuko sebuleni ameweka upande wa pili. Mimi niko kwenye kijibaraza cha nyuma nasahihisha madaftari, na kati yetu kuna pazia la mlango tu. Ukaanza wimbo ule mrefu wa besi. Ulipofika katikati sindano ikakwama. Ikawa inarudia mahali palepale, du-du-dum, du-du-dum, du-du-dum. Nikangoja mzee ainyanyue. Hakuinyanyua. Nikasahihisha daftari, nikachukua lingine, du-du-dum. Nikaanza kukasirika. Nikasema moyoni, huyu mzee ananifanyia makusudi, anataka niingie ili apate la kunisema.

Nikafanya jambo ambalo mkamwana hafanyi. Nikasogeza pazia kidogo kwa kidole, nikachungulia.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo ameuegemeza kabisa kwenye sanduku la gramafoni, kichwa amekilaza nyuma juu ya mbao, macho amefumba. Mguu unapiga sakafu. Na alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini, wimbo mzima: akapita pale pa besi, akaingia kwa mwimbaji, akamaliza, akanyamaza kidogo, kisha akaanza wimbo unaofuata. Sindano bado iko palepale, du-du-dum. Yeye alikuwa ameshafika mbali, ameiacha bendi nyuma, na hakujua.

Nilisimama pale na kalamu nyekundu mkononi, na mambo mengi yakajipanga yenyewe. Ile sauti ya mama mkwe. Majibu yasiyorudi. Mzee aliyependa muziki mmoja tu duniani, ule unaotikisa vikombe. Hakuwa anausikia kwa masikio. Alikuwa anausikia kwa mgongo.

Sindano ile ilibidi ikwamuliwe kabla haijaharibu santuri, na kuingia siwezi. Nikachukua ufagio, nikapitisha mpini kwenye upenyo wa pazia, nikausukuma mkono wa gramafoni polepole, maana kifuniko kilikuwa wazi. Ukaruka, ukachora mkwaruzo mmoja mrefu hadi ukingoni. Mzee hakufumbua macho.

Mama mkwe aliporudi nilimvuta hadi nyuma ya jiko. Sikumzungusha. "Mama, baba hasikii."

Kwanza alinikodolea macho, kisha akatua gunia la unga na kulikalia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimsikia akisema kwa sauti ndogo. "Ni zile mashine za kutobolea mawe. Alianza kurudi nazo masikioni tangu kule. Sasa yameisha yote. Usimwambie mumeo."

"Kwa nini?"

"Yeye ni mzee wa baraza. Watu wanaleta mashauri kwake. Nani atapeleka shauri lake kwa mtu ambaye hasikii?" Akapangusa unga kwenye mkono. "Watu aliowazoea anawasikia kwa macho. Anatazama midomo. Mimi, mumeo, wale wazee wenzake. Wewe tu ndiyo hawezi, maana kukutazama haruhusiwi."

Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Basi si angenifungulia, anitazame?"

"Anaogopa. Anasema nyie Wahehe mnaongea midomo imefungwa, kama mna moto mdomoni. Anasema akikufungulia utamsalimia hivi, yeye atajibu vile, utamcheka. Na wewe mwalimu." Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. "Mwache hivyohivyo, mwanangu. Kule nyumbani kutwa nzima anajifanya anasikia, anachoka. Hapa kwako hakuna mtu anamuuliza kwa nini hajibu. Hapa wanasema ni heshima. Anapumzika."

Nililia palepale nyuma ya jiko, na moshi haukuhusika. Miaka yote ile nilikuwa nimenuna kwa kunyimwa kitu, kumbe nyumba yangu, kwa ajili ya mila ileile niliyoilaani, ndiyo mahali pekee ambapo mzee wa watu alikuwa anaweza kuwa kiziwi kwa amani.

Tangu siku hiyo nikaacha kungoja kufunguliwa, au nilijiambia nimeacha. Nikaing'oa miguu ya gramafoni kwa bisibisi, ikakaa chini kabisa sakafuni, sakafu yetu ilikuwa ya mbao, ipate kutetemeka vizuri. Benchi nikalisogeza likagusana na sanduku. Mume wangu aliporudi akauliza miguu imekwenda wapi. Nikamwambia ilikuwa inanisumbua kufagia. Na kila mzee alipokuja nilihakikisha sauti iko juu mpaka mwisho, na ule mkwaruzo wangu wa ufagio ukawa sehemu ya wimbo, taki, taki, taki, hadi leo nikiusikia wimbo ule kichwani hauji bila huo.

Idara ikamhamishia mume wangu Iringa. Kwangu ilikuwa kurudi nyumbani. Tukapata nyumba Kihesa, karibu kabisa na nilikozaliwa. Gramafoni ilisafiri juu ya lori ikiwa imefungwa kwenye godoro, ikapita Makambako na Mafinga kwa heshima zote, na santuri niliipakata mwenyewe. Ndugu zangu walikuja kuisikiliza. Mjomba mmoja akauliza kama wale watu walilipwa kwa kelele au kwa wimbo. Niliwajibu wote, na wengine sikuwajibu kwa upole.

Lakini nyumba ya Kihesa haikuwa kama ya Soweto. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi na imetulia tuli. Benchi lilivunjika njiani. Badala yake tulikuwa na viti vya kisasa vyenye godoro, mume wangu akijivunia, na kwa kuwa sebule ilikuwa ndogo, gramafoni aliisukumia kwenye kona, mbali na viti. Sikufikiria kitu. Wakwe walikuwa hawajafika Iringa, na safari ile ilikuwa ndefu kwa mtu wa umri wao.

Walifika msimu wa baridi, tulipompata mtoto wa tatu. Mzee alikuwa amekonda, mama mkwe aliniambia, na sasa hata wazee wenzake alikuwa hawasikii tena vizuri kwa macho, maana macho nayo yalianza kufifia. Baraza alikuwa ameacha mwenyewe, kasema amechoka. Mume wangu naye alikuwa ameshaambiwa kila kitu na mama yake. Alinilaumu kidogo kwa kumficha, basi.

Siku ya pili mume wangu akamchukua mama yake kwenda kumwonyesha soko. Watoto wakubwa walikwenda kwa bibi yao mwingine, mchanga amelala. Mimi niko jikoni, na jiko la nyumba ile lilikuwa ndani, na kati yangu na sebule kuna pazia. Nikasikia mzee anainuka, anafungua kifuniko cha gramafoni. Alijua kuiendesha kuliko mimi. Kikafungwa. Kiti kikalia alipokaa.

Trekta likaanza. Sauti ilikuwa mpaka mwisho. Vikombe kabatini vikaanza kugonganagongana, na mtoto akashtuka, akalia kidogo, akalala tena. Dramu zikadondoka. Mimi nimesimama na kisu na kitunguu, nangoja kusikia mguu wake ukipiga sakafu. Sikuusikia. Kikaja kikohozi, kikapita. Ukaingia wimbo wa pili, bendi nzima inapaza sauti, na sebuleni hakuna anayeimba nayo.

Kisha baba mkwe akaita. Hakumwita mke wake, wala mwanawe.

"Mkamwana!"

Kisu kikanidondoka. Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu nilipoolewa, na lilipokuja sikujua nilifanyie nini.

"Mkamwana! Umeme umekatika?"

Magitaa yalikuwa yanatikisa nyumba. Nikasimama nyuma ya pazia, nikajibu, "Haujakatika, baba." Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake maishani.

Akangoja. Halafu akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwa upole, kama mtu anayemuuliza mwenzake aliye chumba cha mbali. "Umeme umekatika, mwanangu?"

Nikajifungua kanga kichwani. Nikasogeza pazia, nikaingia, nikaenda kusimama mbele ya kiti chake, palepale kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona uso kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ana kovu juu ya jicho ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Hakugeuka. Alikaza macho yale yaliyochoka, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe mfupi hivi," alisema.

Nikafungua mdomo wote, neno moja moja, kama ninavyowafundisha darasa la kwanza. "Umeme upo, baba. Wanapiga."

Akanitazama mdomo. Nikarudia. Akageuka kulitazama lile sanduku kwenye kona, akarudi kwangu. "Wanapiga? Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mikubwa, na haikujua iende wapi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, nadhani yeye alidhani ananong'ona, "Wamefika wapi?"

Nikamshika mkono, nikamwinua, tukatembea mpaka kwenye kona, nikaufungua mkono wake na kuulaza juu ya mbao, nikauweka wangu juu yake, na tukangoja ngoma ziingie.